Timazi Ilipoinama

Jua lilikuwa linatua, na picha ile ilikuwa imepinda kwa mara ya nne.

Mwandalizi wa maonyesho alishuka ngazini akisaga meno. Kesho nyumba hii kongwe ingefunguliwa kuwa makumbusho. Jioni hii mwenye nyumba, mzee aliyezaliwa humu, angekuja kukagua. Ukuta usipompendeza, kazi imeota mbawa.

"Fundi, misumari yako imelewa?"

"Haijaonja kitu, mama." Mwashi alining'iniza timazi kando ya fremu, kamba yake yenye kipande cha chuma nchani. "Na hii haina upendeleo. Tangu enzi za manabii inawaumbua wajenzi."

Picha ilionyesha baba, mama na mtoto wa kiume: mzee mwenyewe, miaka sabini iliyopita. Upande wa kulia karatasi iliishia ghafla. Yaya aliyesimama pale alikatwa pichani adhuhuri hii kwa wembe, kwa amri ya mzee. "Hii ni familia," alisema, "si orodha ya watumishi." Mwandalizi akakata. Alimwogopa mwanadamu, ilhali Yeye aliyeliumba jicho alikuwa anaona. Kikabaki kiganja tu, kimetulia begani mwa mtoto.

Akainyoosha fremu mara ya tano. Wakarudi nyuma.

Krrr...

"Mama," mwashi alinong'ona. "Achana na picha. Tazama kamba."

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Hapakuwa na upepo. Lakini timazi haikuning'inia wima tena. Ilikuwa imevutwa upande, kamba imekazika, chuma kikielekea kwenye kapu la taka.

Harufu ya sabuni ya mtoto ikajaa sebuleni.

Mwandalizi alipekua kapu, akatoa kile kipande cha picha, akakigandisha mahali pake huku akiomba rehema. Kamba ikalegea. Fremu ikanyooka yenyewe.

Mlango ukafunguliwa.

"Nilikuambia nini kuhusu huyo mwanamke..."

Mzee akapapasa bega lake polepole, kama mtu anayegusa mkono wa mwenzake. Machozi yakamlengalenga.

"Yaya?" alinong'ona kwa sauti ya kitoto. "Kumbe hukuondoka?"

Mwandalizi akageukia picha. Yaya alikuwa pale, uso mpole, mzima. Ila mkono wa gauni lake ulikuwa mtupu, na begani mwa mtoto hapakuwa na kitu.

Nyuma yake, mzee alikuwa ameanza kuubandua ule mkono begani mwake.

Haukubanduka.