Malori Hayarudi

Yamaha iliruka tuta, ikatua, ikaendelea kula lami.

Mbele, pikapu nyeupe ilikata kona nusura ipinduke. Shangazi hakupunguza mwendo. Wenzake katika idara ya usalama walimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, lakini leo hakuwa na hamu ya kumkaripia mtu. Alichomoa Glock, akalenga, akafyatua.

Tairi likapasuka. Pikapu ikaingia mtaroni.

Alimtoa dereva kwa ukosi wa shati.

"Mmeweka nini kwenye malori ya msaada?"

"Kasha moja tu, dada! La bunduki. Limechanganywa na makasha ya jenereta, yanafanana."

"Lori gani?"

"Sijui! Mimi nilileta, wengine wakapakia. Wanataka lifunguliwe mpakani, mbele ya kamera."

Shangazi alimfunga pingu kwenye usukani. Mpakani, Waziri alikuwa akisubiri kusaini mkataba wa kuisaidia nchi jirani, iliyo vitani, kwa miaka kumi. Bunduki zikionekana ndani ya msaada, nani angethubutu kusaini?

Kidude cha sikioni kikalia. Alikuwa Mkuu wake, naye alikuwa ameshapata habari za kasha.

"Rudisha malori yote. Tutasaini mwaka ujao."

Mwaka ujao! Mdogo wake Shangazi alikuwa daktari upande wa pili, akipasua majeruhi kwa tochi ya simu. Juzi alimpigia akilia. Jenereta zile zilikuwa za hospitali.

"Mtandao mbovu, Mkuu. Sikusikii."

"Unanisikia vizuri sana, wewe!"

Akakata.

Mpakani malori yalikuwa yamejipanga, turubai zimekazwa kwa kamba. Waandishi wa habari walikuwa wamejaa tele. Kando ya Waziri alisimama Mwangalizi, mgeni mpole aliyealikwa kuthibitisha kwamba msaada ni safi.

Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Kuna wanaosema msaada wetu unaficha silaha. Sawa. Tufungue kasha lolote. Bwana Mwangalizi, chagua wewe."

Mwangalizi alitabasamu. Hakutegemea mteremko kama huo.

"Lori la tatu. Kasha la nyuma, lile lenye kona iliyobonyea."

"Kona hiyo umeionea wapi, bwana? Turubai hatujafunua."

Tabasamu likamkauka. Mkono ukakimbilia ndani ya koti.

Shangazi aliuwahi, akaukunja. Bastola ikaanguka miguuni pa waandishi, na askari wa mpakani wakamfunga pingu.

Kasha lilipofunguliwa, bunduki zilikuwamo, mpya, zinanuka grisi. Waziri alirudi nyuma.

"Tuahirishe. Watu watasemaje?"

"Watasema tulitishwa, tukaogopa," Shangazi alijibu. "Mheshimiwa, kule watu wanapasuliwa gizani, na anayewapasua ni mdogo wangu. Ukiondoka bila kusaini, huyu bwana ameshinda akiwa na pingu mikononi."

Waziri alimtazama. Kisha akawageukia wasaidizi wake.

"Leteni mkataba hapa."

Aliutandaza juu ya zile bunduki, akainama, akasaini.

"Pigeni picha vizuri," aliwaambia wapiga picha. "Na bunduki zao zionekane."

Malori yakaunguruma, moja baada ya jingine, yakavuka.

Mwandishi mmoja alimkimbilia Shangazi. "Dada, jina lako tafadhali!"

Alivaa kofia yake, akawasha Yamaha.

"Andika malori yamepita. Inatosha."