Miwani ya Shangazi Celestine

Ijumaa alasiri, nyumbani kwa kina Gesare hakuna mtu aliyekaa kitako. Kuni zilikuwa zinapasuliwa, viatu vinapigwa rangi, ndizi za kesho zinachemka jikoni. Jua likishazama Sabato imeingia, na hapo hakuna kazi itakayoguswa mpaka lizame tena Jumamosi. Mama yake Gesare, Edinah, hakuwa na mzaha katika jambo hilo. Ukisahau kujaza mapipa maji, utakaa na kiu yako uimbe nyimbo za sifa.

Wiki hiyo walikuwa na mgeni. Shangazi Celestine, dadake baba, alikuwa amekuja kutoka Kisii mjini kwa sababu Jumapili angepiga picha za harusi katika uwanja wa shule ng'ambo ya mashamba yao ya majani chai. Shangazi alipiga picha kutoka angani kwa droni. Yeye husimama chini na rimoti yake mkononi, na droni huzunguka juu ikivuma, ikiona mapaa na migomba na vichwa vya watu.

Lakini mrusha droni naye lazima aone kile kamera inachokiona. Skrini yake ya zamani ilikuwa imekanyagwa na mcheza ngoma mmoja kwenye sherehe kule Nyamarambe. Basi Bosire, mwenye duka la kamera mjini, akamwazima vifaa viwili avijaribu: skrini mpya na miwani ya video. Baada ya harusi angechagua kimoja, na kingine akirudishe Jumatatu.

Miwani ilimpagawisha Gesare. Alipoivaa Alhamisi, ulimwengu wa kawaida ulitoweka, naye akajiona yuko juu ya mashamba kama mwewe. Alipiga yowe la furaha mpaka kuku wakatawanyika.

"Ni tamu, najua," shangazi alicheka. "Jua halikusumbui, na unaona kana kwamba umekaa ndani ya droni yenyewe. Lakini ukishaivaa, huoni kilicho kando yako. Lazima mtu asimame nawe aitazame droni kwa macho yake. Tena unaona wewe peke yako. Skrini hufifia kwenye jua, mpaka uitafutie kivuli, lakini watu wote wanaweza kuitazama. Kwa hiyo nitajaribu vyote viwili harusini, nusu kwa nusu. Kitakachofanya kazi vizuri ndicho nitakachokinunua."

Gesare alikuwa amekwisha kuchagua. Shuleni alikuwa amejigamba mbele ya Gredi ya Saba nzima kwamba shangazi yake ana miwani ya rubani, na rafiki yake Ronny alikuwa amesema, "Ukiileta, wewe ni moto!" Ingerudishwaje dukani sasa?

Ijumaa hiyo shangazi akampa kazi moja tu. "Nichajie vifaa vyote viwili kabla jua halijazama. Skrini imebaki na chaji kidogo sana."

Gesare aliichomeka miwani, akaiacha ukutani alasiri yote. Skrini aliitazama, akaiacha palepale ilipokuwa. Alijiambia kuwa hakuiharibu, hakuiiba, hakuifanya lolote. Skrini ikikataa kuwaka Jumapili, shangazi atachagua miwani, na kila mtu atafurahi.

"Vyote vimejaa?" shangazi aliuliza jua likigusa vilele vya mikaratusi.

"Vyote vimejaa, shangazi."

"Mtoto mzuri." Vifaa vikatiwa ndani ya sanduku, mama akalifungia kabatini pamoja na vitu vingine vya kazi, familia ikaketi kuikaribisha Sabato kwa wimbo. Gesare aliimba, lakini kila alipofika mahali palipotaja moyo safi, sauti yake ilishuka. Jumamosi jioni kabati lilipofunguliwa, nafasi ya kurekebisha ilikuwepo na umeme ulikuwepo. Hakuitumia.

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi mto ulioko bondeni, chini ya uwanja wa harusi, ulikuwa wa rangi ya udongo na ulisikika ukinguruma kutoka juu.

Jumapili watu walifurika uwanjani. Mama alikuja na Ombui, mdogo wake Gesare, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Alikuwa amevaa sweta ya buluu aliyofumiwa na mama mwenyewe. Nyuzi za buluu zilimwishia njiani, kwa hiyo mkono mmoja ulikuwa wa manjano. Watu walimcheka, naye alijiona ndiye bwana harusi.

Shangazi alianza na skrini. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena, akakishikilia. Skrini ikabaki nyeusi.

"Gesare, si ulisema imejaa?"

"Ilijaa, shangazi."

"Basi ni mbovu. Bosire amenipa kitu kibovu!" Shangazi alikasirika waziwazi. Wazee wa bwana harusi walikuwa karibu, naye akawaambia hata wao. "Na nilimwona mtu mwaminifu. Kesho atanitambua."

Gesare alitazama viatu vyake. Hakuwa amefikiria kwamba mtu mwingine angelaumiwa. Alimkumbuka Bosire, mtu mnene mwenye kicheko, ambaye alimpa peremende siku walipoenda dukani. Akataka kusema neno, lakini shangazi alikuwa tayari amevaa miwani.

"Simama hapa kando yangu. Macho yako yasitoke kwenye droni. Zile nyaya za stima pale ukingoni, nikizikaribia, piga kelele."

Droni ikapaa. Bibi harusi na wasimamizi wake walikuwa wanapanda mlima kutoka bondeni, wakiimba kwa Kikisii, na droni ikashuka kuwapokea kupitia juu ya majani chai. Watoto waliikimbilia wakipiga mayowe. Ilienda mpaka karibu na mto, ikageuka, ikarudi nao uwanjani. Zilikuwa picha nzuri sana, na aliyeziona ni mtu mmoja tu.

Watu walipokuwa wanaketi, sauti ya mama ilisikika nyuma ya hema.

"Ombui! Jamani, mmemwona Ombui?"

Hakuna aliyemwona. Kisha msichana mmoja mdogo akasema, huku amejificha kwenye sketi ya mamake, "Aliifuata ile ndege. Sisi tulirudi. Yeye alisema anataka kuona inakolala."

"Aliifuata wapi?"

Msichana akanyoosha kidole bondeni, kuliko na mto.

"Nyasae one! Mungu wangu, mtoto wangu!" Mama alitupa mkoba, akakimbia mpaka ukingo wa uwanja. Kutoka pale mashamba yaliteremka kijani kwa kijani, chai, migomba na nyasi za ng'ombe, na vijia vingi vikiingia katikati. Mtoto wa kimo cha Ombui angepita humo kichwa chake kisionekane. Onyiego, aliyekuwa mshereheshaji, alitangaza kwa kipaza sauti, na vijana wakaporomoka bondeni kila mtu na njia yake. Juu, mawingu meusi yalikuwa yanajikusanya kutoka upande wa Keroka.

Shangazi alirusha droni tena.

"Unaona nini?" mama aliuliza akimshika bega. "Celestine, unaona nini?"

"Chai. Chai tu. Migomba... Sasa niko mtoni. Maji yamejaa kweli. Kuna nguo zimeanikwa kwenye vichaka. Mtu simwoni. Narudi uwanjani nianze upya."

Hakuna aliyeshangaa kusikia habari ya nguo. Jumamosi hakuna anayefua katika vijiji vile, na kila Jumapili vichaka vya mtoni huvaa mashuka na mashati ya kijiji kizima.

"Nipe hiyo miwani nione mwenyewe!"

Shangazi aliivua akampa. Mama aliivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa, akayumba, akashika hewa. "Ni ukungu mtupu! Kichwa kinazunguka!" Lenzi zilikuwa zimerekebishwa kwa macho ya shangazi. Naye shangazi, bila miwani, alikuwa na rimoti mkononi na hajui droni imeelekea wapi.

"Nyaya!" Gesare alipiga kelele. "Shangazi, nyaya! Rudisha nyuma!"

Droni ilisimama hewani karibu kabisa na waya wa stima, ikarudi taratibu, ikashushwa. Shangazi alikuwa anatweta. Taa ya betri ilikuwa nyekundu. Alitoa betri nyingine mfukoni, ya mwisho.

"Edinah, mimi nimekaa mjini miaka mingi, mashamba haya siyajui tena. Nikipita juu ya njia siwezi kukwambia ni ipi, na wewe huwezi kuona ninachokiona." Sauti yake ilikatika. "Laiti ile skrini isingekuwa mbovu!"

Gesare aliitazama ile skrini nyeusi. Akisema, watu wote pale watajua yeye ni mwongo, wazee wa bwana harusi, mama, Ronny aliyekuwa amesimama karibu na hema. Asiposema, hakuna atakayejua kamwe, kwa maana skrini itarudishwa kwa Bosire na mambo yataishia hapo. Ngurumo ya mto ilimfikia kutoka chini. Alimwona Ombui na mkono wake wa manjano.

"Si mbovu," alisema.

"Unasemaje?"

"Skrini si mbovu, shangazi. Sikuichaji. Nilichaji miwani peke yake. Nilidanganya nilipokwambia imejaa, na leo nimedanganya tena." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nilitaka uchague miwani."

Mama aligeuka akamtazama kana kwamba hamjui. Shangazi alifumba macho, akayafumbua. Kama alikuwa na neno kali, alilimeza.

"Kwenye gari langu kuna waya wa kuchajia. Kimbia!"

Gesare alikimbia ambavyo hajawahi kukimbia katika mashindano yoyote. Shangazi alilisogeza gari mpaka ukingoni mwa uwanja, wakachomeka waya, mama akafungua mwavuli wa bibi harusi bila kumwomba mtu ruhusa, akaukinga juu ya skrini. Kitufe kikabonyezwa. Kwanza weusi. Kisha mwanga, na ndani ya mwanga huo bonde zima.

Droni ikapaa kwa betri ya mwisho.

"Gesare, wewe tazama juu," shangazi aliamuru. "Skrini si yako. Yako ni nyaya."

Akatazama juu. Hakukuwa na adhabu iliyomuuma kama hiyo, kusikia watu wakiguna mbele ya skrini naye asigeuze shingo.

"Hiyo ni njia ya kwa mzee Ochoki," mama alikuwa anasema. "Endelea. Hapo kushoto, ndiko wanakoteka maji. Shuka. Shuka kidogo. Hizo ni nguo za..." Akanyamaza ghafla. "Celestine, rudi. Rudi kwenye zile nguo."

"Ni nguo tu, nimezipita mara mbili. Kuna ya buluu na kuna ya manjano."

"Si nguo mbili! Ni sweta! Mkono ule nimeufuma mimi!"

Shangazi akashusha droni. Ile buluu iliyokuwa imejikunja kati ya mashuka ilitikisika, na uso mdogo ukainuka kutazama juu. Ombui alikuwa ameketi kwenye jiwe chini ya kichaka, miguu imekunjwa kifuani, na maji ya udongo yalikuwa yameshalizunguka jiwe pande zote.

"Pale wanapoteka maji! Kwenye nguo!" Onyiego alinguruma katika kipaza sauti. "Vijana wote, pale pa kuteka maji!"

"Mwambieni asishuke," mama alilia, ingawa hapakuwa na wa kumwambia. Shangazi aliituliza droni juu ya mtoto, na Ombui, aliyekuwa ameifuata mbali vile, akakaa akiikodolea macho badala ya kukanyaga maji. Taa ya betri ikawa nyekundu. Matone ya kwanza ya mvua yakagonga mwavuli. Kisha vijana wawili wakatokea kwenye skrini, mmoja akaingia majini mpaka kiunoni, akanyoosha mikono.

Kelele zilizopaa uwanjani Gesare hakuhitaji kuelezwa maana yake. Aliketi chini kwenye nyasi akalia kwa sauti.

Ombui aliletwa mgongoni, ameloa, akiuliza ndege imelala wapi. Mama alimkumbatia mpaka akalalamika kuwa anabanwa. Baadaye mvua ilipopungua na watu wakarudi kwenye wali wao, shangazi alimwita Gesare garini. Skrini na miwani vilikuwa mapajani mwake.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize." Aliinua miwani. "Leo nilivaa miwani mbili. Hii ya Bosire niliweza kuivua, kwa maana nilijua nimeivaa. Nyingine ulinivisha wewe Ijumaa, uliponiambia vyote vimejaa. Hiyo sikujua ninayo. Nilimwona mtu mwaminifu kuwa tapeli, nikaona kitu kizima kuwa kibovu, na ndugu yako amekaa mtoni. Ukimdanganya mtu, unamziba macho, halafu unamwacha atembee. Hujui atatumbukia wapi, na hujui atatumbukia na nani."

Gesare aliinua macho akaitazama miwani.

"Na ulipoona hatari ukasema kweli mbele ya watu wote, ijapokuwa iliuma. Hilo nalo sitalisahau." Shangazi alimfuta shavu. "Nachukua skrini. Harusi ni ya watu, nao waone. Kesho ukitoka shule tunaenda kwa Bosire. Mimi nitamrudishia miwani yake, nawe utamweleza kwa nini nilimsema vibaya. Lakini wale wazee hawatangoja kesho. Nimewaambia kitu chake ni kibovu, na wako pale wanakula."

Gesare alitazama meza ya wazee. Ilikuwa karibu, lakini alijua njia yake itakuwa ndefu. Alishuka garini, akapita mbele ya Ronny bila kuinamisha kichwa, akasimama mbele ya wazee na mikono nyuma.

"Shikamooni," alisema. "Nina jambo la kuwaambia kuhusu ile skrini."