Bendera ya Njano Juu ya Kitanda

Mtaa mzima wa Biryogo, hapa Kigali, hakuna mwanamume asiyejua hofu isipokuwa mimi, Maneno. Siku askari walipokuja kupekua, nilisimama mlangoni kama ukuta, wakageuza. Lakini leo nasimulia mapenzi ya jirani yangu Usumani, fundi cherehani, na Kabagwira, mshona vifungo wa duka la mjini.

Walikutana sokoni, kwenye rundo la mitumba. Usumani alishika pembe moja ya kitambaa cha njano, Kabagwira akashika nyingine. Binti alivaa gauni la bluu lililombana kiunoni, na manukato yake yalishinda hata harufu ya samaki wakavu wa ndagala.

"Kaka, achia. Nataka pazia."

"Hii si pazia, dada. Ni bendera ya manowari. Angalia matundu ya kamba."

"Manowari? Kigali hii? Ilishukia stendi ya Nyabugogo?"

Usumani alicheka, lakini hakuachia. Akamweleza kwamba babu yake alitoka Bagamoyo, akafanya kazi kwenye manowari ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, akafa akiacha bendera moja. Tangu hapo mjukuu anazitafuta: za Wajerumani, za Wabelgiji, ndefu nyembamba zenye ncha mbili kama mkia wa mbayuwayu.

"Na hii ya njano inasema nini?"

"Zamani ilisema: humu kuna ugonjwa, usipande."

"Basi ni yako. Wewe unaumwa matambara, sha," akamtania.

"Nilikuwa naumwa matambara. Tangu umefika, naumwa kingine."

Mwisho wa Septemba 1990, Usumani alisikia kwamba baharia mzee wa Bujumbura anauza bendera. Akafunga safari, akaniachia ufunguo wa chumba chake.

"Maneno, linda sanduku langu."

"Kama roho yangu."

Siku chache baadaye vita vikaanza mpakani. Usiku mmoja risasi zililia Kigali mpaka alfajiri, na kulipokucha askari wakaingia nyumba kwa nyumba wakitafuta wasaliti. Uwanja wa mpira ulijaa waliokamatwa. Fundi wa mtaa wa pili alichukuliwa kwa sababu ya redio tu. Je, sanduku zima la bendera zisizojulikana? Wangeuliza: unampungia nani? Na Kabagwira, kwa kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, hakuhitaji hata bendera ili achukuliwe. Hata hivyo alikuja chumbani mle na sindano.

Usumani alipiga simu dukani kwa Kabagwira.

"Sheri, mpenzi wangu, uko salama?"

"Niko."

"Bendera zangu?"

Kwenye waya kulikuwa na mtu wa tatu, anapumua. Kabagwira alimsikia.

"Bendera gani? Kulikuwa na matambara. Nimeyakata."

"Umekata? Hata ya babu?"

"Yote. Nimeyafagia. Usinipigie tena."

Akakata simu, akarudi kushona vifungo. Huko Bujumbura, Usumani alijua neno moja tu: ameachwa.

Alirudi wiki kadhaa baadaye, amekonda, shati limechakaa. Akatukuta chumbani kwake, Kabagwira anakunja nguo. Hakusalimia.

"Umenikatia babu yangu."

Kabagwira alivuta mfarishi mnene wa kujifunika kitandani, ambao kifuniko chake kilikuwa ile bendera ya njano, akachukua mkasi, akafumua mshono. Bendera zikatoka moja moja, nzima, hadi ya babu.

"Nilikata uzi tu, mpenzi. Kwenye simu palikuwa na masikio."

Usumani alikaa sakafuni, machozi yanamtoka. Lori la jeshi lilipita nje. Kabagwira akazifunika kwa nguo mpaka likapotea.

"Hii ya njano tuitundike mlangoni kwetu," Usumani alinong'ona, "asipande mwingine."

"Kwetu wapi?"

"Kwetu, ukikubali kunioa. Aa, mimi kukuoa."

"Yeyote amuoe mwenzake," Kabagwira alisema, "nimekubali."

Nikaona sasa ni zamu yangu. "Na msingeoana," nikasema, "kama nisingesimama pale mlangoni. Niliwaambia askari: humu haingii mtu!"

Kabagwira akanitazama. "Ulisimama wapi, Maneno?"

"Mlangoni, shemeji."

"Walipogonga uliruka kitandani, ukajifunika mfarishi wenye bendera zote. Askari alishika pindo lake, Usumani. Nikasema moyoni, tumekwisha. Akafunua uso wa huyu: jasho linatiririka, meno yanagongana. Akauliza, ana nini? Nikasema kipindupindu. Akaachia, akafuta mkono ukutani, wakaondoka."

"Nilikuwa naigiza!" nikasema. "Mgonjwa chini ya bendera ya njano. Mpango wangu ule!"

Usumani alikuwa tayari kunikumbatia. Kabagwira akaendelea kukunja nguo.

"Na godoro lililolowa, shemeji? Nani aliyelianika?"