Kipande Cheusi cha Katikati

Mfuko wa Absalom ulipasuka katikati ya soko la Thika, mbele ya mama wa ndizi, na vipande vidogo vya mbao vikamwagika vumbini. Kabla hajainama, msichana mwenye gauni la maua ya buluu alikuwa ameshachuchumaa, vidole vikienda haraka haraka.

"Yawa! Unadonoa kama kuku," Absalom akacheka.

"Kuku ni wewe. Mimi nachambua kahawa Ruiru, kazi yangu ni vidole." Akamtazama: kaptura ya kaki, unga wa mbao hadi kwenye nyusi. "Hivi ni vya nini?"

"Fumbo. Wazungu huviunganisha mpaka picha itokee. Mimi ndiye hukata."

"Watu wazima hao?"

"Watu wazima kabisa, jaber."

"Jaber ndiyo nini?"

"Kwa Kijaluo, mrembo."

"Ii, kuku amekuwa mrembo!"

Tangu hapo Absalom alipanda baiskeli hadi Ruiru kila Jumapili kumwona msichana huyo, Wakonyo. Alipomposa, mzee Gerishon, baba ya msichana, alikataa. "Binti yangu haolewi na Mjaluo." Wakonyo aliinamisha kichwa, akakusanya vikombe vya chai akatoka, na hilo lilimuuma Absalom kuliko yale maneno.

Jumapili iliyofuata akamletea mfuko.

"Nimekukatia aina mpya. Haina picha, na pande zote mbili zinafanana. Iunganishe. Nitakavyoikuta Jumapili, hilo ndilo jibu lako."

"Na ikinishinda?"

"Vidole vyako havikosei."

Kila jioni Wakonyo alimwaga vipande mkekani. Vyote vilikuwa vya mbao ya podo, vyeupe kama uji, bila wingu wala nyumba ya kumwelekeza. Kimoja tu kilikuwa cheusi. Kwenye meza ya kuchambulia kahawa, punje nyeusi ni mbovu. Ikibaki huharibu gunia. Akaona kimeingia kwa bahati mbaya huko karakana kwa Absalom. Mkono wake ukakirusha mekoni kabla hajafikiri.

Jumamosi likabaki tundu moja, katikati kabisa. Alikung'uta mkeka, akapekua chini ya kitanda. Halafu akakumbuka. Akafukua jivu kwa mikono, akapata kijipande cha mkaa.

Jumapili Absalom alifika na shati jeupe lililopigwa pasi. Akaliona tundu.

"Cheusi kiko wapi?"

"Nilidhani ni uchafu. Nikakichoma."

"Ule ni mti wa kwetu Nyanza, Wakonyo, na podo ni wa kwenu. Nilijiweka mimi hapo, katikati yenu."

"Ngai! Ni mazoea ya kazi tu. Nakupenda, Absalom!"

"Babako alinikataa. Hakunichoma."

Akashika baiskeli yake, akaenda zake.

Mwezi huo serikali ikakaza amri za hali ya hatari: Mkikuyu asisafiri bila pasi, kile kibali cha safari, na Wakonyo akanyimwa pasi ya kwenda Thika kumtafuta. Kisha akasikia Absalom anarudi kwao Nyanza. Akaomba ruhusa kazini, akakimbilia stesheni ya Ruiru. Treni ya kutoka Thika iliposimama, akamwona dirishani, akamnyooshea kile kijipande cha mkaa.

"Hiki hapa! Nilikifukua!"

Absalom akakipokea. Kikavunjika pembeni, kikampaka masizi.

"Hakiingii tena, jaber," akasema polepole, macho yamelowa. Treni ikapiga honi, ikaondoka.

Jumatatu punje nyeusi ikaja mbele ya Wakonyo. Vidole vikaifuata, vikasita.

"Wee! Hiyo ni mbovu, toa!" nyapara akafoka.

Wakonyo akaisukuma pamoja na zile nzuri.