Kanyaga, Shemeji

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu fundi magari, tunayemwita Nyundo kwa ubishi wake. Siku tatu alihangaika na pikapu kuukuu ya shemeji yake. Ilikuwa inamisi: duf, duf, duf, kisha pigo la nne halipo. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, wapi!

"Gari bishi kuliko mimi!" alifoka.

Mchana wa siku ya tatu akaamua kutafuta kama nyaya za plagi zinavujisha cheche. Cheche hizo huonekana gizani tu. Shemeji akakaa kwenye usukani, akawasha injini. Nyundo akafunga mlango wa gereji, akazima taa, akaiinamia injini.

"Kanyaga, shemeji!"

Ikaunguruma. Giza totoro, cheche hata ya dawa hakuna.

"Kanyaga bwana, usiibembeleze!"

Ikavuma hadi mabati yakatetemeka. Halafu lile pigo lililokosekana likarudi: duf, duf, duf, duf. Nyundo akasonya. Siku tatu zote, kumbe inajiponea yenyewe!

Mlango wa nyuma ukafunguka, mwanga ukaingia, injini ikanyamaza. Shemeji alisimama mlangoni, simu mkono mmoja, funguo za gari mkono wa pili.

"Samahani, shemeji. Simu iliita ulipokuwa unafunga mlango, nikazima gari nikatoka. Tuanze sasa?"

Nyundo akachungulia ndani ya pikapu. Kiti kilikuwa kitupu. Pedeli ya mafuta ilikuwa imegota chini, nayo ikaanza kupanda polepole, kama mtu anayeinua mguu.