Mabawa ya Shashi

Kila alasiri, Chapuchapu alipotoka shule, alinawa mikono kwa sabuni, akabadilisha kitambaa kilichofunika kidonda cha bibi yake. Bibi alikuwa mshonaji. Maji ya moto yalikuwa yamemmwagikia mguuni, na cherehani ilikuwa kimya wiki nzima.

"Mguu huu umestaafu bila kuniaga," Bibi alitania.

Jumatano, Chapuchapu alikunjua shashi waliyopewa na muuguzi wa zahanati. Ilikuwa nyeupe na nyepesi, nyuzi zake zimeachana hata aliona vidole vyake upande wa pili. Kesho yake kulikuwa na igizo shuleni, naye angekuwa kipepeo. Akaikata yote, akashona mabawa. Mguu wa Bibi akaufunga kwa kipande cha shuka kuukuu.

"Nguo ni nguo tu," alijisemea.

Jukwaani alipigiwa makofi. Lakini Ijumaa asubuhi Bibi alishindwa kuinuka. Mwili ulimchemka, na kidonda kilitoa harufu. Mama alimkimbiza zahanati, Chapuchapu nyuma yao.

"Nani alifunga shuka hili?" muuguzi aliuliza.

Chapuchapu alimwona Bibi akiuma meno kwa maumivu, akasema yote.

Muuguzi hakumfokea. Aliinua shashi mpya dirishani. "Unaona vitundu hivi? Hewa hupita, na majimaji ya kidonda hunyonywa. Tena imesafishwa, vijidudu vikauawa. Shuka lako zito lilifungia uchafu ndani."

Chapuchapu aliangua kilio. "Nisamehe, Bibi."

"Mabawa yenyewe uliyashona vizuri?"

"Mshono ulipinda, Bibi."

"Basi makosa ni mawili!" Hata Mama alicheka.

Bibi alisafishwa kidonda, akapewa dawa. Tangu siku hiyo Chapuchapu hakuruka hatua hata moja: mikono safi, shashi safi, kila siku. Baada ya wiki tatu ngozi mpya ilikuwa imeota, na Bibi alikuwa akikanyaga cherehani tena.

Muuguzi alipoukagua mguu kwa mara ya mwisho, alimgeukia Chapuchapu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ungenyamaza siku ile, ningebaki nikibahatisha dawa. Ukikabidhiwa mgonjwa, fuata maagizo. Na ukikosea, sema upesi, hata kama sauti inatetemeka. Wewe ulisema, ndiyo maana bibi yako leo anatembea."