Bangili za Bi Mkubwa

"Umewaambia polisi uliniona na bangili, Priyantha?"

Nilmini alikuwa kwenye ngazi za hifadhi ya ubalozi wa Sri Lanka, Kuwait, simu ya kuazima sikioni. Priyantha ndiye dereva wa nyumba aliyoitoroka Nilmini, alikokuwa mtumishi wa ndani. Alimwahidi ndoa kupitia dirisha la jiko, akipokea sahani yake ya wali.

"Bosi alinisimamia pale pale. Ningesema nini?"

"Ungesema mkewe aliniunguza kwa pasi. Dawa uliniletea wewe."

"Nikifukuzwa, nyumba yetu Kurunegala haitaezekwa."

"Yetu? Mimi nikae jela, wewe uezeke vigae?"

Wenzake Nilmini wa hifadhini waliokuwa wakimenya vitunguu walishaacha kumenya.

"Kumari, aliyekuwepo kabla yangu, alikimbia kwa sababu ya njaa. Walisema ameiba nini?"

"Bangili."

"Zipi?"

"Hizohizo."

Simu ikakatika.

Na msiniambie ni nyumba moja tu yenye roho mbaya. Panapotakiwa ruhusa ya bosi ili mtu aondoke, anayekimbia kipigo huitwa mtoro, na mtoro ni rahisi kumwita mwizi. Sisi wa hifadhini tumewaona wengi. Majina yao tunayo.

Jumapili Nilmini akapelekwa kituoni. Bi mkubwa, mke wa bosi, alishaketi, baibui limemfunika hadi vidoleni. Mara Priyantha akaingia, hana tena funguo za gari la bosi.

"Dereva, umefuata nini tena?" askari akauliza.

"Nilidanganya, afande. Sikumwona na kitu."

"Huyu ni hawara yake," bi mkubwa akadakia.

"Ni mchumba wangu. Na bangili zile zinakubana, mama. Hazitoki bila sabuni, na aliyekuwa akikuvua ni yeye. Tangu akimbie, nani amekuvua?"

Askari akatazama mkono wa baibui. Bi mkubwa akauvuta chini zaidi, na dhahabu ikalia ndani yake.

Kesi ikafa. Bi mkubwa akarudi nyumbani kwake; wao wawili wakarudishwa kwao.

Ndani ya ndege Priyantha akasimama kando ya kiti cha Nilmini.

"Nyumba haina paa, Nilmini."

"Na mimi sijakusamehe."

"Najua."

Nilmini akaondoa mkoba kwenye kiti cha jirani.

"Kaa. Tukifika, wa kupika ni wewe. Na tutakula meza moja. Mambo ya dirishani yameisha."